Tilapia Mwenye Kitambi

Tilapia akikupendeza kwenye mizani, mpasue kwanza ndipo umsifu. Hapa Eastlands, kuanzia Kayole hadi Ruai, wafugaji wengi wa matangi na mabwawa ya turubai tunajisagia chakula kwa sababu cha dukani ni ghali. Tukikaa kupiga hesabu tunataja protini tu, ilhali mafuta ndiyo huamua protini hiyo itaishia wapi.

Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9. Ya protini au wanga ina 4. Samaki akipata nguvu zake kutoka kwa mafuta, protini hubaki ya kujenga minofu. Mafuta yakipungua mno, anachoma kama kuni ile omena uliyoinunua kwa bei kali Gikomba. Yakizidi, anashiba kabla hajala protini ya kumtosha, ukuaji unazorota, na ziada inajilimbikiza kwenye ini na kuzunguka matumbo. Kwa tilapia, mimi hulenga mafuta asilimia 6 hadi 10 ya chakula.

Angalia pumba kabla ya kitu kingine. Pumba ya mchele isiyokamuliwa ina mafuta asilimia 12 hadi 15. Ya ngano ina karibu 4. Tuseme unachanganya kilo 100: omena 30, mashudu ya alizeti 20, pumba ya mchele 50. Omena ikiwa na mafuta asilimia 12, mashudu 10 na pumba 13, jumla ni kilo 12.1 za mafuta. Weka pumba ya ngano mahali pa ile ya mchele, zinashuka hadi 7.6, na protini haibadiliki sana. Ndiyo maana jirani akiniuliza kama amwagie mafuta ya kupikia juu ya mchanganyiko wa kwanza, namkataza kabisa.

Inuse pia hiyo pumba. Mafuta yake huchacha upesi, na yaliyochacha huharibu vitamini E na kuumiza ini la samaki. Saga kidogo kidogo, na gunia likae juu ya mbao, kivulini.

Kila mwezi navua wachache. Nampima samaki akiwa mzima, namtoa matumbo, kisha nampima tena. Uzito wa pili ndio ninaouandika daftarini. Mafuta meupe yakiufunika utumbo hadi usionekane, badilisha mchanganyiko au punguza kipimo. Mwezi wa Julai punguza hata kama hujaona kitu: tilapia hustawi maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20, jambo la kawaida Nairobi msimu wa baridi, hamu ya kula hupotea.

Kumnyima chakula siku moja kabla ya kuvua husafisha utumbo tu. Kitambi hakiondoki kwa siku moja, kwa hiyo rekebisha chakula wiki kadhaa kabla ya kumwita mnunuzi.