Kodi ya Vinywaji Vyenye Sukari: Ni Kaya Zipi Hubadili Ununuzi?

Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, sawa na vijiko saba vya chai. Sukari hiyo humezwa kwa dakika chache bila kumshibisha mnywaji, na mazoea ya kila siku huongeza hatari ya unene uliokithiri, kuoza kwa meno na kisukari cha aina ya pili. Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa zimevitoza kodi vinywaji hivyo. Je, kodi hubadili ununuzi wa matajiri na maskini kwa kiwango kimoja?

Meksiko ni mfano uliochunguzwa kwa makini. Kuanzia tarehe 1 Januari 2014, kila lita ya kinywaji kilichoongezwa sukari ilitozwa peso moja, yaani takriban asilimia 10 ya bei. Watafiti walifuatilia kaya 6,253 katika miji 53, wakalinganisha ununuzi wao na ule uliotarajiwa iwapo kodi isingekuwapo. Mwaka huo, ununuzi wa vinywaji vilivyotozwa kodi ulikuwa chini ya matarajio kwa wastani wa asilimia 6, na kufikia Desemba pengo lilikuwa asilimia 12. Katika kaya zenye hali duni ya kiuchumi, upungufu ulikuwa asilimia 9 kwa mwaka na asilimia 17 mwezi Desemba. Ununuzi wa vinywaji visivyotozwa kodi, hasa maji ya chupa, uliongezeka kwa asilimia 4.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine mwezi Aprili 2018: kodi hukokotolewa kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Hivyo mtengenezaji naye huvutwa kupunguza sukari, na hata mnunuzi asiyebadili mazoea yake huweza kunywa sukari kidogo zaidi.

Wapo wanaosema kuwa kodi hii humwelemea maskini. Hoja hiyo ina uzito, kwani kaya yenye kipato kidogo inayoendelea kununua kiasi kilekile hutoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake. Hata hivyo, kaya inayopunguza ununuzi huepuka sehemu ya kodi na pia hupunguza hatari ya kisukari, maradhi ambayo gharama zake za dawa, nauli na siku za kazi zinazopotea humuumiza zaidi asiye na akiba.

Matokeo ya Meksiko yasisomwe kupita kiasi. Yalihusu kaya za mijini na vinywaji vilivyonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Hayapimi kila kinachonywewa kazini au barabarani, wala hayapimi maradhi yenyewe.

Kwa mhudumu wa afya, funzo ni kwamba kumwambia mgonjwa aache soda hakutoshi. Amuulize pia anakunywa nini badala yake. Chai yenye vijiko vinne vya sukari, inywewayo mara tatu kwa siku, huzidi kopo moja la soda, na kodi ya soda haiigusi. Pale ambapo maji salama ni adimu au ni ghali, kodi pekee humwondolea mtu kinywaji kimoja bila kumpa kingine. Kwa hiyo kodi huleta manufaa zaidi pale maji safi na salama yanapopatikana kwa bei ambayo kila kaya inaimudu.