Tarakilishi Isiyotambua Waya wa Mtandao: Mwongozo kwa Shule na Ofisi za Kulesa

Katika Kulesa na sehemu nyingine za bonde la Mto Tana, ambako mafuriko kama yale ya 2018 na 2024 huacha unyevu ndani ya majengo, na kiangazi huleta vumbi linaloingia katika kila tundu, tarakilishi inayodai kuwa haijaunganishwa haipaswi kushukiwa kabla ya waya wake kukaguliwa. Wapo mafundi wanaokimbilia kufuta Windows na kuiweka upya, kazi ya nusu siku ambayo haiwezi kuunga uzi uliokatwa na panya.

Waya wa mtandao una nyuzi 8 za shaba zilizosokotwa katika jozi 4, na kila ncha yake ina plagi ya plastiki yenye ulimi mdogo unaoishikilia tunduni. Ulimi huo ukivunjika, plagi huweza kuonekana imeingia ilhali vyuma vyake havigusani na vya tundu. Na shaba iliyopata unyevu huota kutu ya kijani inayozuia umeme kupita. Aidha, uzi mmoja ukikatika si lazima mtandao uzimike wote, kwani kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji jozi 2 tu, ilhali ile ya 1,000 huzihitaji zote 4; ndiyo maana waya mbovu huweza kufanya kazi polepole kwa miezi kadhaa.

Kando ya tundu, aghalabu huwa na kitaa kidogo. Kisipowaka, mtumiaji abadilishe waya, kisha ahamie tundu jingine la ruta, yaani kifaa kinachogawa mtandao, akikumbuka kwamba waya haufai kuzidi mita 100. Kikiwaka lakini anwani ya mtandao (IP) ya tarakilishi ikaanza kwa 169.254, huenda waya ni mzima: mashine imejipa anwani yenyewe baada ya kuikosa kwa ruta, kwa hiyo ruta ndiyo izimwe kwa nusu dakika na kuwashwa tena.

Kadi ya mtandao isipoonekana kabisa katika orodha ya vifaa vya tarakilishi, hasa baada ya radi, huenda imeungua. Hata hivyo, adapta ndogo ya mtandao inayochomekwa kwenye tundu la USB huweza kuchukua nafasi yake, pasipo kununua tarakilishi nyingine.