Kijitabu Kiingie Simuni: Namna ya Kugeuza Chapisho la Kurasa Nyingi Liwe Kurasa za Intaneti

Somo kwa komite za wakimbizi wa ndani, viongozi na vijana wanaowasaidia



Komite nyingi zina vijitabu vilivyotengenezwa kwa programu za kupanga kurasa, kama PageMaker ya zamani, InDesign, Publisher au Scribus. Vijitabu hivyo vilipangwa ili vichapwe kwenye karatasi. Lakini karatasi haikimbii na watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizoizunguka Goma zilipovunjwa, familia nilizozijua ziliondoka na watoto, sufuria na mahema ya plastiki. Vijitabu vilibaki. Simu zilikwenda nao.

Lengo la somo hili ni kwamba, ukimaliza kulisoma, uweze kumwongoza kijana mwenye kompyuta ageuze kijitabu cha kurasa nyingi kiwe kurasa za intaneti ambazo mtu atazisoma kwenye simu ndogo bila kupotea na bila kuhatarisha mtu yeyote.

1. Kwa nini PDF peke yake haitoshi

Wengi hufikiri kazi imekwisha wakitoa faili ya PDF na kuiweka kwenye intaneti. PDF ilianza mwaka 1993 kwa kusudi moja: ukurasa uonekane vilevile kila mahali, kama ulivyo kwenye karatasi. Kwa mchapaji hiyo ni baraka. Kwenye simu ni mzigo. Ukurasa wa A4 wenye safu mbili haujipangi upya kufuata kioo kidogo. Msomaji anaukuza, anausukuma kulia na kushoto, anapoteza mstari, na mega zake zinakwisha.

Siku moja nilimsindikiza mama mmoja wa komite kwenye ofisi fulani kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Karani alimwambia arudi na mume wake. Sasa, Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema wazi katika kanuni ya 20 kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kupata hati hizo, na kuandikiwa kwa majina yao wenyewe. Tulikuwa nazo simuni, katika PDF. Tulitafuta tukisukuma kurasa huku na huku mpaka karani akafunga dirisha. Haki ilikuwa mkononi mwetu, tukashindwa kuifikia.

2. Tofauti kubwa: macho na mfuatano

Kwenye karatasi, jicho ndilo linalopanga habari. Linaona safu, kisanduku cha rangi, herufi kubwa, na linajua pa kuanzia. Ndani ya faili, maandishi yamekaa katika visanduku mbalimbali, na kompyuta inaweza kuvitoa kwa mfuatano mwingine kabisa. Ukurasa wa intaneti ni kama kamba moja ndefu: mstari unafuata mstari kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo anayegeuza ndiye anayeamua nini kinafuata nini.

Tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Ofisi yetu ilikuwa na jarida la kurasa 8, lenye habari ya mazungumzo kati ya wafugaji na wakulima. Kando yake palikuwa na kisanduku kidogo kilichoorodhesha madai ya upande mmoja. Mimi mwenyewe nilinakili ukurasa mzima kwa mara moja nikaubandika kwenye tovuti. Maneno "pande zote mbili zimekubali" yakaangukia moja kwa moja juu ya orodha ya madai. Ikasomeka kana kwamba wakulima wamekubali kuachia mashamba yao. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamezunguka katika simu za watu. Tulikaa kwenye barza siku tatu, na jarida la karatasi mkononi, tukieleza kosa ambalo dakika kumi za kusoma upya zingelizuia.

3. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: Tunza faili ya asili. Fanya nakala, na kazi yote ifanyike kwenye nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika ni toleo lipi, la tarehe gani, na nani aliyelikubali.

Hatua ya pili: Chora ramani ya mfuatano. Chapa kurasa zote, kisha weka namba kwa kalamu juu ya kila kisanduku: 1, 2, 3. Habari iliyoanza ukurasa wa 2 na kuendelea ukurasa wa 6 iunganishwe iwe moja. Kisanduku cha kando kiwekwe baada ya habari yake, na kichwa chake mwenyewe, kisichanganyike na aya zilizokitangulia.

Hatua ya tatu: Toa maandishi habari moja moja. Usichukue ukurasa mzima. Nakili kila habari peke yake, uibandike kwanza kwenye programu ya maandishi matupu isiyobeba rangi wala mapambo. InDesign ina orodha ya makala ambamo unaweza kupanga mfuatano mwenyewe kabla ya kutoa faili ya HTML, lakini hata hapo soma upya. Kisha safisha: ondoa namba za kurasa, maandishi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa, na vistari vilivyokata maneno mwishoni mwa mstari, kama "wakim-bizi". Usipoviondoa, mtu akitafuta neno "wakimbizi" hatalipata. Hifadhi faili kwa mfumo wa UTF-8, ili maneno ya Kifaransa yenye alama, kama "décès", yasigeuke kuwa takataka.

Hatua ya nne: Weka vichwa vya kweli. Katika karatasi, kichwa ni herufi nene na kubwa. Katika HTML, kichwa kina alama yake: h1 kwa jina la chapisho, h2 kwa sehemu, h3 kwa sehemu ndogo, na p kwa aya. Kukuza herufi tu hakutoshi, maana mtu asiyeona anayesomewa na simu yake hutumia alama hizo kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Chukueni mfano wa Kanuni Elekezi zilezile. Zina sehemu 5 na kanuni 30. Jina lichukue h1, sehemu tano zichukue h2, kanuni thelathini zichukue h3. Juu kabisa weka orodha ya yaliyomo yenye viungo. Mama yule angegusa "Kanuni ya 20", akamwonyesha karani mara moja.

Hatua ya tano: Badilisha maelekezo ya karatasi. "Tazama ukurasa wa 7" haina maana pasipo ukurasa wa 7. Weka kiungo kinachompeleka msomaji pale hasa. Gawa kijitabu kwa mada, kwa mfano hati, ardhi, kurudi nyumbani, wala si kwa kufuata kurasa za karatasi.

Hatua ya sita: Punguza uzito wa picha. Picha ya kuchapwa huhitaji nukta 300 kwa inchi; ikijaza ukurasa wa A4 inafika pikseli 2480 kwa 3508. Kwa simu, upana wa pikseli 800 unatosha. Majedwali yaandikwe kama majedwali, yasiwe picha, na chini ya kila picha yenye habari muhimu andika maneno yanayoeleza kilichomo.

Hatua ya saba: Linda watu. Hii msiiruke hata siku moja. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Kwenye karatasi habari hiyo haionekani, lakini ukiweka faili yenyewe kwenye intaneti, anayejua ataisoma. Ifute kabla. Tena, aliyekubali jina lake liandikwe katika nakala 200 za kugawanywa mtaani hakukubali liwekwe mbele ya dunia nzima. Rudi kwake, umwulize upya. Kama hapatikani, toa jina, toa sura, toa jina la kijiji pia.

Hatua ya nane: Jaribu kabla ya kutangaza. Fungua kurasa kwenye simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao dhaifu. Mwombe mtu ambaye hakuandika asome kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwingine afuate kwenye karatasi. Pale wanapotofautiana, simameni msahihishe. Juu ya ukurasa andika tarehe ya toleo na lini lilisahihishwa, ili tangazo la zamani lisichukuliwe kuwa la leo.

4. Neno kwa viongozi

Wazee na mama viongozi, msiseme kazi hii ni ya vijana wa kompyuta pekee yao. Kijana anajua programu. Ninyi ndio mnajua ni neno gani likikaa pabaya litawasha moto kati ya majirani. Kaeni pamoja naye kwenye hatua ya pili, ya saba na ya nane.

5. Maswali ya kujadiliana katika komite

- Ni chapisho gani kati ya yale tuliyo nayo ambalo familia zetu zingelihitaji zaidi kama tungelazimika kuhama kesho?
- Je, lina jina au picha ya mtu anayeweza kudhurika?
- Nani kati yetu atasoma kwa sauti kabla halijatoka, na nani atapokea malalamiko likionekana kosa?

Zoezi: Chukueni ukurasa mmoja tu wenye safu mbili. Wekeni namba za mfuatano kila mtu peke yake, kisha linganisheni. Mkikuta namba zenu hazifanani, mmekwisha kuelewa kwa nini kompyuta nayo hukosea.