Kuhesabu Sehemu Zilizojazwa katika Rekodi ya Mjamzito

Katika zahanati za Mkoa wa Singida, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Manyoni na Itigi, mahudhurio ya wajawazito huandikwa katika rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Taarifa hizo zikiingizwa katika hifadhidata ya kompyuta, kila hudhurio huwa rekodi moja, na kila kipimo huwa na sehemu yake. Somo hili linaeleza namna ya kuiuliza hifadhidata swali moja: katika rekodi hii, ni sehemu ngapi zimejazwa?

Swali hilo lina uzito wa kitabibu. Shinikizo la damu linalofikia 140/90 baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, likiambatana na protini kwenye mkojo, huashiria hali inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba. Mjamzito ambaye hakupimwa hawezi kuonekana miongoni mwa walio hatarini, wala hana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa walio salama.

Jambo la kwanza la kuelewa ni tofauti kati ya sifuri na utupu. Protini ikiandikwa 0, maana yake mkojo umepimwa na protini haikuonekana. Sehemu ikiachwa tupu, hakuna anayejua. Lugha ya SQL huutaja utupu huo kwa neno NULL, wala haiuchukulii kuwa sifuri. Kwa sababu hiyo, wastani unaokokotolewa kwa amri ya AVG huziruka sehemu tupu: tuseme wajawazito ni 10 na waliopimwa ni 4, wastani utakuwa wa hao 4 pekee, na taarifa ya mwezi itaonekana njema ilhali 6 hawakupimwa.

Jambo la pili ni mwelekeo wa hesabu. Amri ya COUNT hushuka safuwima, rekodi baada ya rekodi, na kujibu ni wangapi waliopimwa kipimo fulani. Ili kujua mjamzito mmoja amepimwa vipimo vingapi, hesabu sharti iende kwa upana wa rekodi. Kila sehemu iliyojazwa hupewa 1, iliyo tupu hupewa 0, kisha hujumlishwa:

SELECT namba_ya_mama,
  CASE WHEN shinikizo IS NOT NULL THEN 1 ELSE 0 END
+ CASE WHEN wekundu_wa_damu IS NOT NULL THEN 1 ELSE 0 END
+ CASE WHEN uzito IS NOT NULL THEN 1 ELSE 0 END
+ CASE WHEN NULLIF(TRIM(protini), '') IS NOT NULL THEN 1 ELSE 0 END
  AS zilizojazwa
FROM mahudhurio
ORDER BY zilizojazwa;

Protini imeongezewa TRIM na NULLIF kwa kuwa huandikwa kama maandishi: 0, + au ++. Mwandishi akibonyeza nafasi tupu tu, hifadhidata nyingi huiona sehemu hiyo kuwa imejazwa. Maneno hayo mawili huurudisha utupu mahali pake.

Majibu husomwa kwa njia mbili. Rekodi moja ikipata 0 au 1 kati ya 4, mama huyo atafutwe kabla ya tarehe yake ya kurudi kliniki. Lakini rekodi zote zikikosa wekundu wa damu, tatizo si la mama mmoja. Huenda vitendanishi vimekwisha au mashine imeharibika.

Tahadhari moja yafaa kukumbukwa. Hesabu hii hupima ukamilifu, haipimi ukweli. Rejesta inayoonyesha 120/80 kwa kila mjamzito, siku nzima, itapata alama zote, nayo yastahili kukaguliwa kuliko ile yenye mapengo ya kweli.

Zoezi: Ongeza sehemu ya kimo cha mimba katika ulizo lililo hapo juu, kisha orodhesha mahudhurio yenye chini ya sehemu 3 zilizojazwa kati ya 5. Eleza ni nani anayepaswa kuipokea orodha hiyo, na lini.