Mzani na Sanduku la Kura

1. Mzani wa pamba

Wanafunzi, bila shaka wengi wenu mmepata kufuatana na baba zenu siku ya kuuza pamba. Mliona jinsi mzigo unavyotundikwa katika ndoana ya mzani, na mshale ukapanda, ukatikisika kidogo, kisha ukatulia. Je, mliyaona macho ya baba zenu wakati ule? Hayakuutazama mzigo, wala hayakumtazama mnunuzi, yaliutazama mshale. Maana mkulima ajua ya kwamba kazi yake ya miezi mingi, yaani kulima, kupanda, kupalilia na kuchuma, huhesabiwa kwa dakika ile moja.

Leo twasoma habari za mzani mwingine. Mzani huo haupimi pamba wala dhahabu, bali hupima mapenzi ya watu. Jina lake ni sanduku la kura.

2. Wakulima waliosimama karibu na mzani

Baada ya vita kuu ya pili ya dunia, iliyokwisha mwaka 1945, wakulima wa Usukuma walinung'unika sana juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba. Wengi hawakujua kusoma tarakimu, na aliyeambiwa uzito wa pamba yake hakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli.

Basi walifanya nini? Hawakuivunja mizani, wala hawakukaa nyumbani kusikitika. Waliweka watu wao wenyewe, wenye kujua kusoma, wasimame karibu na mzani na kuuangalia mshale. Kisha wakaanzisha vyama vya ushirika, ili wauze pamba yao pamoja. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa kijana mmoja, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1955 vyama vile viliungana vikawa chama kikuu kimoja kilichojulikana kwa jina la Victoria Federation.

Angalieni jambo moja katika desturi ya ushirika. Mwanachama aliyeleta mzigo mmoja ana kura moja, na mwanachama aliyeleta mizigo mia naye ana kura moja. Pamba zao hazilingani, lakini kura zao ni sawasawa.

3. Jinsi kura zilivyoingia katika nchi yetu

Hapo zamani watu wa Tanganyika hawakuwachagua wale waliotunga sheria zao. Mwaka 1945 Waafrika wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mmoja wao alitoka katika mkoa wetu huu, naye ni Mtemi Kidaha Makwaia wa Shinyanga; wa pili alikuwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Walakini hawakupigiwa kura na watu. Waliteuliwa na serikali ya Waingereza.

Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanywa kwa mafungu mawili, mwezi wa Septemba 1958 na mwezi wa Februari 1959. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wachache tu. Mpiga kura alitakiwa awe ametimiza miaka 21, tena awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani. Tena alilazimishwa kuwachagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 9, lakini walioandikwa kuwa wapiga kura walikuwa kama 60,000 tu. Bibi zetu na babu zetu wengi waliokuwa wakilima hapa siku zile hawakuweza kuandikwa.

Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa wabunge wa Tanzania Bara chini ya chama kimoja, na watu wazima wote waliokuwa raia walikuwa na haki ya kuchagua. Katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, na wa pili alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kumchagua amtakaye. Waulizeni wazee wenu. Labda watawaeleza habari za jembe na nyumba.

Katika uchaguzi ule Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa huko Mwanza. Mtu yule aliyewaongoza wakulima waangaliwe mizigo yao kwa haki, naye aliwekwa juu ya mzani wa watu, na mshale haukumpendelea. Ndiyo kazi ya mzani ulio wa kweli: hautazami ukubwa wa mtu.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Leo kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Haulizwi mapato yake, wala elimu yake, wala kama ni mwanamume au mwanamke.

4. Kosa langu mwenyewe

Sasa nitawaeleza habari iliyotokea hapa Segese, nayo yanihusu mimi.

Mwajua ya kwamba kila kijiji kina mkutano mkuu, na watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18 ni wajumbe wake. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, nao husikiliza hesabu ya fedha na kukata mashauri makubwa. Mwaka mmoja tuliitwa tuamue kisima kipya kichimbwe wapi: karibu na maduka, au katika kitongoji chetu, ambako akina mama huondoka alfajiri na ndoo vichwani, wakarudi jua limekwisha panda.

Siku ile nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nikasema moyoni, "Wapo wengine, watanisemea." Mke wangu alikuwa shambani. Ndugu yangu alikuwa amekwenda kwenye duara la dhahabu. Mama yangu mzee alisema, "Mambo hayo ni ya ninyi vijana." Watu wanne wa nyumba moja, wote wana haki, na hata mmoja hakwenda.

Mikono ilipohesabiwa, kitongoji chetu kilikosa mikono mitatu tu. Kisima kikachimbwa karibu na maduka.

Jioni mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, tumeshindwa kwa wingi gani?" Nilipomjibu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni sisi wenyewe tuliojinyima maji." Sikuwa na neno la kujibu. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami nilikuwa kidole kilichojificha mfukoni.

5. Kikundi cha majirani na kazi zake

Baada ya mambo hayo majirani kadha wa kadha tulikaa chini ya mwembe, tukafanya kikundi. Walikuwamo wakulima, fundi cherehani mmoja, mchimbaji mmoja, akina mama wanne, nami mwalimu. Hatuna nyumba wala gari. Tuna miguu yetu na daftari moja. Kazi zetu ni nne.

Kazi ya kwanza ni kujiepusha na upendeleo. Kila mtu wa kikundi anaweza kuwa na chama chake, lakini akiwa kazini havai nguo ya chama wala hamtaji mgombea. Twamwarifu mtendaji wa kijiji kabla ya kupita. Tena sheria yataka kwamba anayetaka kutoa elimu ya mpiga kura kwa uchaguzi mkuu apate kwanza kibali cha Tume ya Uchaguzi. Basi hatuanzi jambo hilo bila ruhusa.

Kazi ya pili ni kuuliza habari za majina. Asiyeandikwa hawezi kupiga kura, hata akiwa na hamu kubwa namna gani. Katika nchi yetu hii ya dhahabu vijana huhama kila mara. Leo yuko duara hili, baada ya miezi mitatu amekwenda upande wa Geita. Jina lake limebaki kule alikoandikwa, na siku ya kura yeye yuko mbali. Twamwambia arekebishe habari zake wakati Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linapoboreshwa. Tena wengi walidanganyika mwaka 2024. Walikuwa na kadi ya mpiga kura, wakadhani yatosha. Lakini uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa na orodha yake mbali, iliyoandikwa mwezi wa Oktoba. Aliyekosa kuandikwa katika orodha ile hakuweza kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake, ijapokuwa kadi imo mfukoni.

Kazi ya tatu ni kuondoa hofu. Mama mmoja alituuliza, "Mwalimu, mume wangu akitaka kujua nimemchagua nani, je, si ataona?" Nikamjibu, "Mama, karatasi ya kura haina jina lako. Utaingia peke yako, utatia alama, utaikunja, utaitumbukiza sandukuni. Baada ya hapo hakuna ajuaye ila wewe." Tukamwonyesha kwa karatasi ya mfano na kasha la viatu. Alirudia mara mbili, akacheka, akaenda kumwita jirani yake.

Kazi ya nne ni kufundisha kuhesabu mbele ya macho ya wote. Katika uchaguzi mkuu kura huhesabiwa kituoni baada ya kituo kufungwa, mawakala wa wagombea wakiwapo, na matokeo hubandikwa nje yasomwe na kila mtu. Hata katika mkutano wa kijiji twaomba mikono ihesabiwe kwa sauti, na watu wawili wahesabu, mmoja wa kila upande. Ni desturi ile ile ya wakulima wa pamba: mshale uonekane.

6. Hesabu za kufikiriwa

Zifikirini hesabu hizi za uchaguzi mkuu wa nchi yetu. Mwaka 2005, katika kila watu 100 walioandikwa, kama watu 72 walipiga kura. Mwaka 2010 walipungua, wakawa kama 43. Mwaka 2015 wakapanda tena, wakawa kama 67. Na mwaka 2020 wakawa kama 51. Mwaona ya kwamba mara nyingine karibu nusu ya watu, au hata zaidi ya nusu, hawakuweka mizigo yao juu ya mzani. Labda wengine walikuwa wagonjwa au safarini, wengine, kama mimi, walisema, "Wapo wengine."

Tena lazima niwaambie jambo la huzuni. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 Tume ilitangaza kwamba kama watu 87 katika kila 100 walipiga kura. Lakini siku ile kulikuwa na maandamano na ghasia katika miji, na watu walikufa. Na waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema kwamba uchaguzi haukutimiza kanuni za Umoja huo. Kwa hiyo jueni kwamba mzani una magonjwa mawili. La kwanza ni watu kuacha kuleta mizigo yao. Ugonjwa huu kikundi chetu chaweza kuutibu kwa kwenda nyumba kwa nyumba. La pili ni watu kutouamini mshale. Ugonjwa huu hautibiwi kwa maneno matupu, wala kwa mawe na moto, wala kwa risasi. Dawa yake ni wale walioshika mzani kuufunua mbele ya wote, na wananchi kusimama karibu nao, kwa amani na bila kuogopeshwa.

7. Na ninyi je?

Ninyi hamjatimiza miaka 18, lakini kazi mnayo. Bandiko likibandikwa katika ubao wa kijiji, lisome, kisha ukamsomee bibi yako asiyejua kusoma. Siku ya mkutano ikikaribia, wakumbushe wazazi, nawe ubaki kulinda nyumba na mbuzi ili mama apate nafasi ya kwenda. Mkimchagua kiranja darasani, hesabuni kura kwa sauti, na aliyeshindwa ampe mkono aliyeshinda.

Mwaka uliofuata mkutano mkuu uliitwa tena, kwa shauri la kisima cha pili. Kitongoji chetu kilikuja chote, hata mama yangu na fimbo yake. Tulishinda. Kisima chenyewe hakijachimbwa bado, lakini uamuzi umeandikwa katika muhtasari, na kila mkutano mama yangu husimama akauliza, "Maji yetu yamefika wapi?" Nami husimama karibu naye.

Maswali

1. Kwa nini wakulima wa pamba waliweka watu wao karibu na mzani?
2. Eleza masharti ya kupiga kura ya mwaka 1958, na ya siku hizi. Yametofautianaje?
3. Alama za jembe na nyumba zilikuwa na faida gani?
4. Mwalimu alifanya kosa gani, nao akina mama walipata hasara gani?
5. Kwa nini mchimbaji anayehamahama huweza kukosa haki yake ya kupiga kura?
6. Taja kazi nne za kikundi cha majirani.
7. Katika kila watu 100 walioandikwa, wangapi hawakupiga kura mwaka 2010? Na mwaka 2020?
8. Mwandishi asema mzani una magonjwa mawili. Yataje, kisha eleza kwa maneno yako mwenyewe dawa ya kila moja.