ELIMU YA AFYA: Jinsi losheni ya jua inavyolinda ngozi

Kwa mkaazi mwenye ualbino, losheni ya kukinga jua si kipodozi. Ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Je, hufanya kazi vipi?

Jua hufanya nini?

Jua hutoa miale ya urujuanimno ambayo macho hayaioni. Inayotufikia ni ya aina mbili. UVB huishia tabaka la juu la ngozi, na ndiyo hasa inayobabua. Huvuruga DNA, yaani maagizo yanayoongoza seli, kwa kugandanisha sehemu mbili jirani zisizopaswa kushikana. UVA hupenya ndani zaidi na kuzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu seli.

Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya madhara hayo, lakini makosa yanayosalia hujikusanya mwaka baada ya mwaka na yanaweza kuleta saratani. Melanini, yaani rangi ya ngozi, hupunguza miale hiyo. Mwenye ualbino anayo kidogo sana au hana kabisa.

Losheni husaidiaje?

Viambato vyake hunyonya nguvu za miale kabla haijafikia seli, kisha huzitoa kama joto dogo lisilodhuru. SPF 30 hupitisha takriban asilimia 3 ya miale inayobabua; SPF 50, asilimia 2. Hata hivyo, ukipaka kiasi kidogo, kinga hushuka sana.

Zingatia haya:

- Chagua SPF 30 au zaidi, inayokinga UVA na UVB.
- Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, pamoja na masikio na shingo.
- Rudia kila baada ya saa 2, na ukitokwa na jasho jingi.
- Paka hata kukiwa na mawingu.
- Vaa kofia pana na mikono mirefu. Epuka jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Walimu, mruhusuni mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia na asimame kivulini wakati wa gwaride. Wazazi, kidonda kisichopona kwa wiki 4 kipelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Watu wenye ualbino waliosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupewa losheni bila malipo kupitia hospitali za umma. Ikiwa mtoto wako hajasajiliwa, anza sasa.