Somo la Afya: Mzee Anayetetemeka Apimwe Presha Amelala na Amesimama



Chukua mfano wa mvuvi mzee wa Pangani. Mkono unatetemeka, hatua zimekuwa fupi, uso hauchangamki. Alfajiri anaamka kwenda msikitini. Akisimama tu, macho yanaingia giza, anaanguka. Majirani wanasema karogwa. Sivyo. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson, au mwingine unaofanana nao.

Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Kwetu nao upo. Wataalamu walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na mwaka 2008 wakachapisha waliyoyaona. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wamepata kutambuliwa.

Kutetemeka si yote. Mwilini imo mishipa ya fahamu inayofanya kazi yenyewe, bila sisi kuiamuru. Hiyo huongoza moyo, presha ya damu, tumbo, kibofu na jasho. Ugonjwa huu huiharibu pia. Ndiyo maana mgonjwa hufunga choo, huamka usiku mara nyingi kukojoa, hutoka jasho ovyo, au huona kizunguzungu akisimama.

Sasa je, presha yake ipimweje?

1. Alale dakika 5, kisha apimwe.
2. Asimame huku ameshikwa. Apimwe tena baada ya dakika 1, na baada ya dakika 3.
3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, basi presha yake huanguka akisimama.

Tuseme akilala ana 150 kwa 90, akisimama 120 kwa 75. Ukitoa 120 katika 150 unapata 30. Angepimwa amelala tu, angeonekana ana presha ya juu. Akipewa dawa ya kuishusha, ataanguka zaidi, pengine avunjike nyonga.

Nyumbani, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame polepole. Usiku awekewe kopo la mkojo karibu. Asiache dawa yoyote bila kumwuliza mganga.

Mpelekeni zahanati. Elezeni yote, hata habari za choo, si aibu. Ombeni apimwe amelala na amesimama. Ikibidi ataandikiwa kwenda hospitali ya mkoa, Bombo.

MASWALI
1. Taja kazi tatu za mwili zinazokwenda zenyewe.
2. Bibi ana 140 kwa 85 akilala, na 125 kwa 72 akisimama. Je, presha yake imeanguka? Onyesha hesabu yako.
3. Kwa nini kupima mara moja hakutoshi?